Vijana wa Ziwani na Mashindano ya Shule

Wasomaji wetu wapenzi walio kando ya Ziwa Edward, huko Vitshumbi, watatuelewa upesi tukisema kwamba iko saa moja ya jioni ambapo kijiji chote hugeuka kuwa uwanja wa mpira. Mitumbwi imekwisha kuvutwa mchangani, nyavu zimeanikwa, korongo wenye upara wasimama wakingoja matumbo ya samaki, na watoto, wengi wao pekupeku, hufukuzia mpira wa matambara na kamba mpaka giza liingie. Mchezo hukoma bila filimbi ya mwamuzi. Kiboko hutoka majini kwenda malishoni, naye kiboko hajui sheria ya kuotea.

Tulikuwa tukitazama mchezo huo pamoja na mwalimu mmoja wa hapo, naye akatuambia maneno yaliyotutia katika mawazo. Alisema: "Samaki wakipatikana kwa wingi, nusu ya darasa langu iko ziwani. Nikiwaita wazazi, wanasema njaa haingoji kengele. Lakini nikitangaza kwamba Jumamosi tutashindana na shule nyingine, basi wiki ile nzima hakosi hata mmoja." Kisha akatuuliza kama kweli liko jambo la maana katika michezo hiyo, au kama yeye anawadanganya watoto kwa kitu cha upuuzi. Tulimwahidi kumjibu katika gazeti, na leo twatimiza ahadi.

Kwanza yafaa asiyepajua Vitshumbi apate kuelewa shida yake. Kijiji hicho kimo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925. Pwani ya Kongo ya ziwa hilo ina vijiji vitatu vya wavuvi vinavyotambuliwa na sheria: Vitshumbi upande wa kusini, Nyakakoma, na Kyavinyonge upande wa kaskazini. Kwa kuwa ni mbuga ya wanyama, watu hawana ruhusa ya kulima wala kupanua kijiji wapendavyo. Mahali pengine shule ikitaka uwanja hufyeka kichaka. Hapa kichaka ni cha tembo na nyati. Mtoto wa Vitshumbi hana shamba la kurithi. Urithi wake ni wavu, na wavu wenyewe siku hizi haujai kama ulivyojaa zamani za babu zake. Ndiyo sababu shule kwake ni jambo la kufa na kupona kuliko kwa mtoto wa mkulima, hata kama yeye mwenyewe halijui hilo bado.

Basi, turudi kwenye swali la mwalimu. Je, michezo ya shule ya mji mdogo yaweza kuleta kitu? Twapenda kujibu kwa kuwasimulia habari za mji mmoja wa Kenya uitwao Iten.

Iten ni mji mdogo ulio ukingoni mwa bonde la Kerio, juu sana, kadiri ya mita 2,400 juu ya bahari. Mwaka 1961 ilifunguliwa hapo shule ya wavulana ya Mtakatifu Patriki, nayo ikawa mikononi mwa Mabruda wa Mtakatifu Patriki, shirika lililoanzishwa Ireland mwaka 1808 kwa ajili ya kufundisha watoto maskini. Hapakuwa na uwanja wa fahari. Palikuwa na majani, njia za udongo mwekundu, na karibu na mji uwanja wa Kamariny, wa udongo mtupu. Hata hivyo, mwaka 1972 kijana mmoja aliyepita katika shule hiyo, Mike Boit, alipata nishani ya shaba katika mbio za mita 800 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Munich.

Mwaka 1976 alifika hapo Bruda kijana kutoka Ireland, Colm O'Connell. Alikuja kufundisha jiografia, wala hakukusudia kukaa sana. Kuhusu mbio hakujua kitu. Hakuwahi kuwa mkimbiaji, hakusomea kazi hiyo. Palikuwa na mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster mkimbiaji maarufu, aliyekuwa akiwaongoza wavulana. Huyo alipoondoka, Bruda akaichukua kazi kwa kuwa hakuwako mwingine wa kuichukua. Tunalipenda sana neno hili, maana walimu wengi hutuambia: "Mimi sikusomea michezo." Bruda Colm naye hakusomea. Alitazama. Alikaa kando ya njia akatazama miguu ya vijana, jinsi inavyokanyaga, jinsi mabega yanavyokaa, nani anachoka mapema na nani anaficha nguvu, akajifunza kwao kabla ya kuwafundisha.

Yaliyofuata yameandikwa katika vitabu vya Olimpiki. Ibrahim Hussein, mwanafunzi wa shule hiyo, alishinda marathoni ya New York mwaka 1987, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo, kisha akashinda ya Boston mara tatu, mwaka 1988, 1991 na 1992. Peter Rono alishinda mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988, akiwa na miaka 21 tu, kijana kuliko wote waliokuwa wamepata kushinda mbio hizo katika Olimpiki mpaka wakati huo. Matthew Birir alishinda mita 3,000 za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992. Wilson Kipketer, aliyekuja kukimbia chini ya bendera ya Denmark, alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1997. Desturi ya shule ni kwamba anayeleta sifa kubwa hupanda mti katika kiwanja, na jina lake huandikwa hapo. Mwanafunzi mpya akifika na sanduku lake hupita katikati ya miti hiyo. Twadhani somo hilo humfikia kabla ya somo la darasani.

Yuko na mwingine, David Rudisha. Huyu hakuwa mwanafunzi wa Mtakatifu Patriki, ila alifundishwa mbio na Bruda huyo huyo tangu ujana wake. Baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa mmoja wa wakimbiaji wanne wa Kenya waliopata nishani ya fedha katika mbio za kupokezana kijiti huko Mexico mwaka 1968. Tarehe 9 Agosti 2012, huko London, mtoto alikimbia mita 800 kwa dakika 1, sekunde 40 na sehemu 91 za mia, akaivunja rekodi ya dunia aliyoiweka yeye mwenyewe. Waliokuwa uwanjani walisema hawakupata kuona kitu kama kile.

Msomaji wa Vitshumbi atasema: "Hao ni watu wa mlimani, hewa yao ni nyembamba, mapafu yao ni makubwa. Sisi ziwa letu liko chini, mita 900 na kitu." Ni kweli, wala hatutaki kumdanganya mtu. Kimo cha mlima husaidia. Lakini milima iko mingi Afrika. Iten ni moja. Milima ya Kivu ni mirefu pia, na ni mabingwa wangapi wa dunia wametoka huko? Lililozidi Iten ni mtu aliyekaa. Serikali zilibadilika, walimu wengine walihama, na Bruda aliendelea kutoka kila alfajiri na vijana wake. Tena palikuwa na mashindano ya kuendea. Kijana hakukimbia ovyo. Alijua kwamba wiki kadhaa mbele atakutana na shule ya jirani.

Na hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo. Katika Kenya michezo ya shule imepangwa kama ngazi. Shule hushindana kwanza na majirani, washindi huenda wilayani, kisha kaunti, kisha jimbo, kisha taifa. Muhula wa kwanza huwa wa riadha, mpira wa kikapu na michezo mingine. Muhula wa pili ni wa mpira wa miguu, mpira wa wavu na netiboli. Tanzania nao wana UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari, na watoto wa mikoa yote hukutana mahali pamoja. Mwaka 2022 na 2023 walikutana Tabora. Juu ya ngazi hizo liko shirikisho la michezo ya shule za sekondari la Afrika ya Mashariki. Mwaka 2022 mashindano yake yalifanyika Arusha, na mwaka 2023 huko Huye katika Rwanda, mji ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Astrida, na baadaye Butare. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022. Kwa hiyo mlango si wa watu wengine tu.

Huko Marekani nako, watu wa miji midogo wana desturi ambayo twaona yafaa kuigwa kuliko viwanja vyao vya fahari. Shule za sekondari za miji jirani, zenye wanafunzi karibu sawa kwa hesabu, hufanya umoja wao wenyewe, hupanga ratiba ya mwaka mzima, na kila wiki shule moja huitembelea nyingine. Hawaiweki shule ya watoto mia moja ipigane na shule ya watoto elfu mbili, maana hiyo si michezo, ni kuwaaibisha watoto. Siku ya mchezo mji mzima hufika: mwenye duka, dereva, bibi kizee na kiti chake. Tena ni katika miji midogo kama hiyo kwamba vijana kadhaa wa Kenya walipata kusoma. Mike Boit alisoma katika chuo kikuu cha Portales, mji mdogo wa New Mexico. Peter Rono, aliposhinda huko Seoul, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Kikatoliki cha Mlima wa Maria Mtakatifu huko Emmitsburg, Maryland, mji ambao hata Wamarekani wengi hawaujui. Miguu ilimfikisha, lakini aliwekwa darasani. Boit naye alipoacha mbio alikuwa mtu wa elimu, mwalimu wa chuo kikuu huko Nairobi.

Jambo hili yafaa wazazi walisikie. Tulimsikia baba mmoja akimwambia mwalimu wetu: "Mwalimu, mtoto kukimbiakimbia hivi, kutaleta chakula gani nyumbani?" Ni swali la haki. Wengi wakimbiao hawatakuwa mabingwa. Katika mia, pengine hata mmoja. Lakini yule tisini na tisa aliyekimbia alikuwa shuleni siku zote za mazoezi, alilala mapema, hakunywa pombe ya kienyeji ufukoni, na alipofika mtihani daftari lake lilikuwa na maandiko. Mwalimu alimjibu kwa adabu: "Baba, hajaleta chakula bado. Lakini hajanitoroka tangu mwezi wa pili." Baba akacheka, akamwacha mtoto aende mazoezini.

Na mabinti? Tusiwasahau, maana huko kwetu msichana akirudi toka shuleni hupewa ndoo na kisu cha kupasulia samaki, na mpira ni wa kaka zake. Mwaka 1991 msichana wa Kenya, Lydia Cheromei, mwenye miaka 13, alishinda huko Antwerp, Ubelgiji, mbio za nyika za dunia za wasichana vijana. Miaka 13! Bruda Colm naye, alipoanza kuwakusanya vijana katika kambi za likizo, aliwaingiza wasichana. Mmoja aliyefundishwa naye, Janeth Jepkosgei, alishinda mita 800 katika mashindano ya dunia huko Osaka mwaka 2007. Twawasihi mama zetu wa Vitshumbi wampe binti saa moja ya jioni, mara mbili kwa wiki. Samaki watapasuliwa tu.

Wala tusiseme kwamba katika Kongo hakuna mfano. Mwaka 1939, katika mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mapadre Wabenedikto waliokuwa na shule ya Mtakatifu Bonifasi waliwaundia wanafunzi wao timu ya mpira, wakaiita kwa jina la Mtakatifu Georgi. Walitaka tu vijana wapate shughuli njema baada ya masomo. Timu ile ilibadilisha majina kadhaa, ikaondoka mikononi mwa mapadre, nasi leo twaijua kwa jina la Tout Puissant Mazembe. Ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha 2009, 2010 na 2015. Na Desemba 2010, huko Abu Dhabi, ilifika fainali ya dunia ya vilabu, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Ilishindwa na Inter ya Milano mabao 3 kwa 0. Hata hivyo, shina la mti huo ni kiwanja cha shule.

Sasa lazima tutaje na magugu. Mashindano ya shule yakiisha kupata sifa, uongo huja mbio. Huku Afrika ya Mashariki wamelia mara nyingi juu ya wachezaji wenye ndevu wanaoletwa kwa vyeti vya watoto, na juu ya kijana anayeazimwa na shule kwa wiki mbili kisha haonekani tena darasani. Shule inayofanya hivyo imeshinda kikombe, imewafundisha wanafunzi wake wote wizi. Heri kufungwa mabao kumi na vijana wako mwenyewe. Tunalisema kwa ukali kwa sababu tumeona wengine wakilicheka.

Turudi ziwani. Mwalimu wetu ana shauri moja, nasi twaliona jema: kwamba shule za Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge zifanye umoja wao wa michezo, kwa kuwa ni shule za wavuvi watupu, wenye shida moja na hesabu ya watoto isiyopitana mno. Kwa nini zisubiri kualikwa na miji mikubwa? Tatizo ni njia. Kwa barabara, gari la Vitshumbi hupita Rwindi, na kwa miaka mingi magari ya njia ile yalisafiri kwa msafara na askari, kwa hofu ya wenye silaha. Mwezi Machi 2024 wapiganaji wa M23 waliingia Vitshumbi yenyewe, na familia nyingi zikakimbia. Mtu hawezi kupanga ratiba ya mpira wa watoto mahali ambapo hajui nani atakuwa na bunduki Jumamosi. Kwa maji, ziwa lina mawimbi yake ya ghafula, wala mtumbwi uliojaa watoto wasio na maboya si chombo cha michezo. Tulimwambia mwalimu waziwazi: pasipo amani na maboya, wasivuke. Hakukasirika. Alisema ataanza na darasa kwa darasa hapo hapo kijijini, halafu shule kwa shule, na siku njia itakapofunguka vijana wawe tayari.

Kwa ajili yake na walimu wengine walio kama yeye, tumekusanya vipimo vichache vinavyoweza kupatikana bila fedha. Uwanja kamili wa mbio una mzunguko wa mita 400, lakini asiye na nafasi hiyo apime mita 100 zilizonyooka ufukoni asubuhi, mchanga ukiwa bado mgumu kwa umande. Kijiti cha kupokezana kina urefu wa sentimita 28 hadi 30, kiwe laini na cha mviringo. Mti wowote mkavu wafaa, ilimradi usiwe na vibanzi. Kila timu ni watu wanne, nao wajifunze kwanza kupokezana kijiti wakitembea, kisha wakikimbia polepole, maana mbio hizo hupotezwa mikononi kuliko miguuni. Kwa kuruka mbali, chimbeni shimo, mjaze mchanga wa ziwa, upana usipungue mita 2 na sentimita 75, na ubao wa kurukia uwe na upana wa sentimita 20; aliyeukanyaga kupita mbele hahesabiwi. Tufe la wavulana walio chini ya miaka 18 lina uzito wa kilo 5, la wasichana kilo 3, na mizani ya wauza samaki itasaidia kuchagua jiwe. Saa ya mkononi yatosha. Kila matokeo yaandikwe katika daftari pamoja na jina na tarehe, ili mtoto ashindane na nafsi yake ya mwezi uliopita.

Mwalimu alituletea habari juzi kwamba mita 100 zimekwisha kupimwa. Alitumia kamba ya wavu ya mvuvi mmoja, ambaye alikubali kuiazima kwa sharti kwamba irudi kabla ya jua kuchwa, na kwamba mwanawe awe wa kwanza kujaribu njia.